Makala Iliyokataliwa Mashineni

Siku makala yake ilipochapishwa, Dokta Esinam Kpodo alishindwa kuisoma.

Alikuwa ameingoja miaka miwili na ushei. Aliiandika, akaisahihisha mara tano, akaongeza marejeo matatu aliyoamriwa na mhakiki wa siri. Mhakiki huyo hakutaja jina, lakini marejeo yote matatu yalikuwa ya mtu mmoja, kwa hiyo hapakuhitajika kupiga bao ili kumjua. Mwishowe Esinam alitia sahihi karatasi ya kuwaachia wenye jarida, huko ng'ambo, haki zote za makala hiyo duniani kote na popote pengine patakapogunduliwa. Sasa, Jumatatu asubuhi, barua pepe ikampongeza. Akabonyeza jina la makala. Tovuti ikamdai dola arobaini.

"Ni mimi," Esinam aliiambia kompyuta. "Mwenyewe ndiye mimi."

Kompyuta haikuona haya. Akateremka maktaba, akamweleza mkutubi, mzee mpole aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu.

"Jarida hilo tumeacha kulilipia tangu Pasaka, Dokta," mkutubi alisema. "Lakini kichwa cha makala unaweza kukisoma bure."

"Kichwa nilikitunga mimi."

"Basi unakijua."

Esinam alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na alikuwa mhadhiri wa kawaida kwa miaka kumi na moja katika Chuo Kikuu cha Kpetsime, kilichojengwa kilimani juu ya mji, mahali ambapo upepo ni mzuri na kelele za soko hazifiki. Watu aliowafundisha walikwishakuwa wahadhiri waandamizi mahali pengine. Yeye alibaki nyuma kwa sababu ya pointi. Kamati ya vyeo ilihesabu pointi kama watoto wanavyohesabu kokwa: jarida la nyumbani pointi moja, la ng'ambo nne, kitabu cha Kiewe, lugha ya wenyeji, sifuri. Makala hii ya ng'ambo ndiyo ingemvusha.

Ilihusu wanawake wakaanga gari. Msomaji asianze kutafuta magurudumu: gari ya Kpetsime ni chenga za muhogo uliosagwa, ukachachushwa, ukakamuliwa na kukaangwa, na nusu ya mji inakula kwa kazi hiyo. Esinam aliwahoji wanawake arobaini na wawili, akathibitisha kwamba moshi wa kuni unawaumiza, akapendekeza jiko lenye bomba. Lilikuwa jambo safi, lenye majedwali. Aliamini amewasaidia, ingawa hakuwahi kurudi kuwaambia.

Wiki tatu baadaye ikaja sikukuu ya viazi vikuu. Machifu walikaa chini ya miavuli yao, ngoma zikapigwa, na mkuu wa chuo, Profesa Godsway Amedzro, akapewa kipaza sauti. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani. Akatangaza kwamba katika miaka thelathini chuo kimeandika makala mia tatu na kumi kuhusu wilaya hiyo.

Watu wakapiga makofi. Ndipo akasimama mwanamke mmoja mnene, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Esinam alimtambua: Akpene, mwenyekiti wa wakaanga gari, ambaye mji mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Daavi, yaani dada mkubwa.

"Profesa, asante," Daavi Akpene alisema. "Mimi peke yangu nimehojiwa mara kumi na saba. Nimepimwa damu, nimepimwa mkojo, nimepimwa hata urefu, sijui urefu na gari vinahusiana nini. Hizo makala mia tatu na kumi ziko wapi?"

"Zimechapishwa, mama."

"Nimesikia. Ziko wapi?"

"Ziko katika majarida ya kimataifa."

"Na sisi ndio tumo ndani?"

"Ndiyo, mmo."

"Basi sisi tumesafiri kuliko tunavyojijua," Daavi alisema, akakaa.

Machifu walicheka mpaka miavuli ikatikisika. Mtangazaji wa redio ya mji alikuwepo, na yale maneno yakarushwa hewani asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima. Profesa Amedzro, aliyekuwa ameahidi mbele ya watu kwamba ataziteremsha makala zote mjini, alimwita mkutubi. Mkutubi akajitahidi siku nne. Katika makala mia tatu na kumi aliweza kufungua kumi na saba, na mbili kati ya hizo zilihusu Kpetsime nyingine, iliyoko Togo.

Mkuu wa chuo alikuwa na majivuno, lakini hakuwa mtu mbaya. Aibu ilimwingia, na aibu ikiingia kwa mtu mwenye madaraka hutoka ikiwa kanuni. Seneti ilikaa siku mbili, ikala wali na samaki mara nne, ikatoka na mageuzi makubwa ya uchapishaji wa kitaaluma ambayo, ilisemekana, bara zima lingeyaiga. Yaliitwa Muhuri wa Msomaji. Tangu siku hiyo kila makala, ya zamani na mpya, lazima ielezwe kwa Kiewe mbele ya watu inaowahusu. Watatu kati yao wakiridhika, wagonge muhuri. Bila muhuri, hakuna cheo.

Kilima kikachafuka. Mwalimu wa historia aliuliza afanye nini, maana watu aliowaandika walikufa wote kabla ya babu yake kuzaliwa. Ikaundwa kamati ndogo. Mwalimu wa hesabu alisema namba zake hazimhusu mtu yeyote aliye hai. Akaambiwa atafute mtu anayesumbuliwa na namba, akaenda kwa muuza bahati nasibu wa stendi, naye akagonga muhuri palepale na kumwomba atabiri za Jumamosi. Profesa Agbenyega, mkuu wa kitivo cha akina Esinam, mwenye makala mia moja na kumi na mbili, alionekana akiwakimbilia wafuga samaki vichochoroni, koti la suti begani, akiwaita "ndugu zangu". Wafuga samaki hawakuwahi kumwona.

Na palipo na mlango hapakosi mtu wa kuulinda. Haikupita miezi miwili, Dokta Bright Fiagbe wa idara ya biashara akafungua kibanda kando ya lango la chuo: Huduma ya Wasomaji, Haraka na Kimataifa. Ndani mlikuwa na benchi, na kwenye benchi wasomaji sita waliokuwa tayari kuhusika na jambo lolote. Asubuhi walikuwa wakulima wa kakao, mchana wajane, jioni wagonjwa wa malaria. Kwa sababu kanuni haikusahau ugonjwa wake wa zamani, msomaji kutoka nchi ya nje alihesabiwa pointi mara mbili. Basi Fiagbe akamleta shangazi yake kutoka Togo, mwendo wa nusu saa, akamketisha kwenye kiti chenye mto.

"Esi, njoo," Fiagbe alimwita Esinam siku moja akipita. "Kwa nini ujisumbue kushuka mjini? Shangazi anakaanga gari pia."

"Kweli?"

"Anaila. Si inamhusu?"

Esinam alicheka akakataa. Yeye hakuwa na wasiwasi. Katika chuo kizima, aliwaza, kama kuna mtu aliyeandika ukweli kuhusu watu anaowajua, ni yeye. Jumatano akavaa gauni la kitenge, akabeba makala yake, ambayo mkutubi alikuwa ameipata kwa njia ambayo yeye hakuiuliza, akateremka hadi mashineni.

Mashine ya kusagia mihogo ya Kpetsime iko nyuma ya soko, chini ya bati refu. Upande mmoja wanawake humenya, katikati mashine hunguruma, upande wa pili hukaa magunia ya unga mbichi yakikamuliwa chini ya jeki za chuma, na mwisho kabisa ni vikaango vipana juu ya moto. Daavi Akpene alimkaribisha kwenye kigoda, akampa maji, akawaita wenzake wawili: bibi mmoja aliyeitwa Mama Kekeli, na Xolali, mama kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni. Muhuri, mpira mpya wenye nembo ya chuo, ulitoka ndani ya kopo la maziwa.

"Soma, Dokta," Daavi alisema.

Esinam alieleza kwa Kiewe kizuri, karibu saa nzima. Walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, Mama Kekeli alisema amefurahi sana, Mungu ambariki, mikono yake ni laini. Esinam akaangalia muhuri.

"Mimi nina maswali," alisema Xolali.

Kwa miaka kumi na moja Esinam alikuwa amejifunza kwamba mhakiki wa kwanza husifu na wa pili huchinja.

"Umeandika ulihoji wakaanga gari arobaini na wawili."

"Ndiyo."

"Siku ile uligawa sabuni."

"Ilikuwa zawadi ya shukrani tu."

"Sikatai. Nilichukua mbili. Lakini kumi na tisa kati ya wale hawajawahi kukaanga gari tangu kuzaliwa. Walifuata sabuni. Yule aliyekwambia anakaanga siku sita kwa wiki ni msusi."

Esinam alifunua jedwali la pili. "Lakini wote walisema moshi unawaumiza macho."

"Uliwauliza nini?"

"Kama moshi unawaumiza macho."

"Dokta," Daavi Akpene aliingilia, kwa upole uliouma kuliko tusi, "swali hilo hata mbuzi angejibu ndiyo. Ulikuja na picha ya jiko mkononi. Tukaona, huyu binti anataka kutupa jiko, tusimvunje moyo."

"Kwa hiyo moshi hauwasumbui?"

"Moshi tumezaliwa nao. Ukija tunahama upande. Kinachotuangusha ni mvuke." Daavi alionyesha kikaango ambako msichana mmoja alikuwa akigeuza unga kwa kipande cha kibuyu, uso kando. "Unga uliokamuliwa siku tatu, mvuke wake ni mvuke. Unga wa siku moja, mvuke wake unapanda kichwani kama gongo mbaya. Unakaanga, kichwa kinagonga, magoti yanaisha. Xolali alianguka mwaka jana karibu na moto, mimba ya miezi saba. Hilo limo kwenye karatasi yako?"

Halikuwemo. Katika kurasa kumi na nne, majedwali sita na marejeo hamsini na matatu, halikuwemo.

"Hatuwezi kugonga," Daavi alisema, akaurudisha muhuri ndani ya kopo. "Usikasirike. Rekebisha, ulete tena."

Alikasirika. Alipanda kilima kwa miguu akizungumza peke yake, akajifungia ofisini, akasema maneno kuhusu wakaanga gari ambayo asingependa mwanafunzi ayasikie. Ng'ambo, watu wenye shahada tatu walikuwa wameipitisha! Halafu akakumbuka kile watu wenye shahada tatu walichomwomba: amnukuu mmoja wao mara tatu. Hakuna aliyemuuliza kuhusu sabuni. Akafungua daftari lake la zamani la utafiti na kuanza kuhesabu majina. Kufikia jina la nane alimkuta msusi wake mwenyewe. Mwanamke aliyemsuka kila baada ya wiki mbili! Akalifunga daftari, akakilaza kichwa juu yake kama mtu aliyefiwa.

Alirudi mashineni Jumatano iliyofuata, bila sabuni. Aliomba akae tu. Wakamkalisha kando ya kikaango. Kwa miezi mitatu, kila siku asiyofundisha, alikaanga gari ya siku moja na gari ya siku tatu. Akaazima kipimo cha hewa kutoka maabara ya kemia. Akaandika nani anaugua kichwa, saa ngapi, kwa unga upi. Xolali alishika daftari la pili, kwa kuwa hakuliamini la kwanza. Matokeo yalikuja wazi: sumu ya muhogo mchungu, isipopewa muda wa kuchacha na kutoka na maji, hutoka na mvuke na kuingia puani mwa mkaangaji.

"Sasa nani aliwafundisha kukamua siku moja?" Esinam aliuliza wakati wanakula akple, ugali wa huko, na mchuzi wa bamia, wote kutoka bakuli moja. "Bibi zenu hawakukamua hivyo."

Daavi Akpene alinawa mkono, akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na picha iliyofifia. Kijana mrefu, mwembamba, suruali pana ya zamani zile, amesimama kando ya jeki ya chuma akitabasamu kama aliyeiumba. Pembeni yake msichana mwembamba pia, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Huyu ni wewe, Daavi!"

"Mtazame mwenzangu."

Esinam alimtazama yule kijana. Sauti ya kanisani haionekani pichani, lakini urefu ule ulionekana.

"Mungu wangu," alisema. "Profesa Amedzro."

"Alikuja na jeki tano. Akasema sayansi imepunguza siku tatu kuwa moja. Wanunuzi wa Akra wakapenda, wakaanza kuja kila siku badala ya mara mbili kwa wiki. Tukiwaambia wangoje wanakwenda kijiji cha pili. Aliandika makala, tulisikia ilimpeleka Ulaya."

Ilikuwa kweli. Makala ile ndiyo iliyomjenga Amedzro. Kila mhadhiri wa kitivo aliinukuu, kama vile mtu asalimiavyo anapoingia uani kwa watu. Esinam mwenyewe alikuwa ameinukuu, rejeo la kwanza kabisa.

Na shida haikuja peke yake. Wiki hiyohiyo mkuu wa chuo alitangaza kwamba, ili kuwa mfano, yeye mwenyewe atakwenda mashineni Jumatano kugongewa muhuri makala yake mashuhuri, na redio itarusha moja kwa moja.

Esinam alikwenda kwanza kwa mkuu wa kitivo. Profesa Agbenyega alimsikiliza akiwa amesimama, halafu akafunga dirisha.

"Dokta Kpodo. Unataka cheo au unataka ukweli?"

"Kwani siwezi kupata vyote?"

"Unaweza, ukishastaafu. Nenda nyumbani. Mwache mzee agongewe muhuri wake, tumalize, tupumue."

Hakwenda nyumbani. Alipanda ghorofani, akamng'ang'ania katibu mpaka akaingizwa. Profesa Amedzro alikuwa akifanyia mazoezi Kiewe chake cha kitaalamu mbele ya dirisha. Esinam aliweka madaftari mawili mezani, akaeleza kwa ufupi. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza, akayasogeza madaftari pembeni.

"Makala ile imenukuliwa mara mia nne," Amedzro alisema mwishowe.

"Najua, Profesa. Na mimi nimo."

"Unataka kuniambia watu mia nne wamekosea?"

"Watu mia nne hawajakaanga gari, Profesa."

Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake. "Una maombi ya cheo mbele ya kamati, sivyo?" akasema taratibu. "Ni njia ya ajabu sana ya kuomba. Asante. Unaweza kwenda."

Jumatano mji ulikuja mashineni kama uendavyo kwenye mechi. Maprofesa walivaa majoho juani. Mtangazaji wa redio alipanda juu ya gunia. Esinam alijibanza nyuma, karibu na mihogo isiyomenywa, akitamani mashine iharibike, radi ipige, chochote.

Profesa Amedzro alisoma vizuri. Alipofika mwisho alifuta jasho, akatabasamu kuelekea kwenye kipaza sauti. "Sasa, mama zangu, semeni. Je, ni kweli?"

Daavi Akpene hakutoa muhuri. Alivuta kigoda, akakipangusa kwa kanga ya kiunoni, akakiweka kando ya kikaango kikubwa.

"Profesa, karibu ukae. Kaanga na sisi kidogo. Unga huu ni wa siku moja, kwa jeki yako."

Watu walishangilia. Angewezaje kukataa? Akavua joho, akakunja mikono ya shati, akapewa kipande cha kibuyu. Dakika tano za kwanza alitania, akauliza kama atalipwa. Dakika ya kumi akaacha kutania. Mvuke ulipanda mzito, wenye harufu ya uchachu na kitu kingine nyuma yake. Dakika ya ishirini alianza kugeuza unga nje ya kikaango. Dakika ya ishirini na tano Xolali alisogea akasimama nyuma yake, mikono tayari, kama asimamavyo mtu nyuma ya mtoto anayejifunza kutembea.

"Yatosha, Profesa?" Daavi aliuliza.

Akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Xolali na Esinam wakamdaka. Walimkalisha kivulini, wakampepea. Alikuwa amegeuka rangi ya majivu, na macho yake yalimtafuta Daavi Akpene kwa shida.

"Miaka mingapi?" alinong'ona.

"Ishirini na tisa," Daavi alisema. Hakuwa na furaha yoyote usoni. Alifungua kopo la maziwa, akatoa muhuri, akaushika mbele yake. "Umeuliza kama ni kweli. Nigonge?"

Mtangazaji akanyoosha kipaza sauti. Profesa Amedzro alitazama muhuri wenye nembo yake, halafu kikaango.

"Usigonge," alisema, na redio ikayarusha mpaka mpakani.

Mtu angedhani mageuzi yalipata nguvu siku hiyo. Wapi! Yalikufa siku hiyo. Kilima kizima kilikuwa kimeona kinachoweza kumpata mtu anayeulizwa swali na wenye jambo lao. Seneti iliitwa kwa dharura. Profesa Agbenyega alizungumza kwa uchungu kuhusu heshima ya elimu, na kuhusu orodha ya vyuo bora duniani, ambayo haihesabu mihuri. Dokta Fiagbe alionya kwamba uhakiki wa kienyeji hauna viwango. Hakutaja kibanda chake, maana alikwishakibadilisha kuwa Huduma ya Majarida, Haraka na Kimataifa, na shangazi wa Togo alikuwa sasa mhariri mkuu. Ikaamuliwa Muhuri wa Msomaji usimamishwe kwa ajili ya kuboreshwa. Katika kura hamsini na nane, moja tu ilipinga. Ilikuwa ya mkuu wa chuo mwenyewe.

Esinam aliandika matokeo yake upya, kwa Kiewe, kurasa tisa, na juu akaweka majina matatu: Akpene, Xolali, na lake la mwisho. Aliyapeleka kwenye kamati ya vyeo. Barua ya majibu ilikuwa na aya mbili. Kazi hiyo haikuchapishwa ng'ambo, waandishi wawili hawana anwani ya taasisi, kwa hiyo pointi sifuri. Kuhusu makala ile ya moshi, kamati ilifurahi kumpa pointi zake nne kamili, na ilimpongeza kwa kupandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi.

Aliisoma mara tatu. Halafu akashuka nayo mashineni, akawasomea.

"Yaani wamekupa cheo kwa ule uongo?" Xolali aliuliza.

"Kwa ule."

"Na ukweli?"

"Sifuri."

Mama Kekeli alicheka mpaka akakohoa. Daavi Akpene alisema, "Chukua cheo, mwanangu. Mshahara hauna harufu. Lakini Jumatano uwepo."

Akakichukua, na akaona haya kukichukua, na bado akanunua viatu. Zile kurasa tisa zilichapwa kwa mashine ya parokia, zikabandikwa juu ya jeki na kusomwa redioni. Wakaanga gari wa vijiji saba walikubaliana kwa pamoja: unga ukamuliwe siku tatu, mnunuzi asiyetaka angoje au aondoke. Wanunuzi wa Akra walinuna wiki mbili, wakarudi. Miezi mitano baadaye, wanafunzi watatu wa uzamili walishuka kilimani kwa hiari yao, wakauliza kwa woga kama ni kweli kuna benchi la Jumatano ambako mtu anaweza kuleta makala kabla hajaichapisha. Xolali akawaambia waketi, na wasilete sabuni.

Profesa Amedzro alistaafu mwisho wa mwaka. Kabla ya kuondoka aliandika kwa jarida la ng'ambo lililochapisha makala yake, akiomba waiondoe au waweke onyo, kwa sababu ina kosa linalodhuru watu. Walimjibu kwa adabu. Makala si mali yake, alikwishawaachia haki zote. Marekebisho yanahitaji ombi rasmi, wahakiki wawili na ada. Na kwa kuwa makala inaendelea kunukuliwa vizuri, je, angependa kununua nakala yenye jalada gumu?

Jumatano moja ya Machi, bila dereva wala joho, alikuja mashineni na karatasi zake za zamani zilizokuwa njano. Esinam alikuwa akichekecha unga. Mzee alimwinamia kichwa, hakusema kitu kuhusu siku ile ofisini, na Esinam hakutaka aseme.

"Daavi," Amedzro alisema, "ng'ambo wamekataa kuisahihisha. Nimekuja kuisahihisha hapa, mbele yenu. Nitasoma mstari kwa mstari, niseme wapi nilikosea na kwa nini. Mkiruhusu."

"Kwa nini ulikosea?" Daavi aliuliza. "Anza na hapo."

Mzee alitazama chini. "Nilikuja siku nne. Niliona jeki inakamua maji vizuri, nikafurahi. Sikungoja kuona nani anakaa kwenye mvuke. Nilikuwa na tarehe ya kupeleka makala."

Daavi alimsukumia kigoda. Wanawake wakasogea na mihogo yao na visu vyao, wakazunguka. Akavaa miwani, akasafisha koo, akaanza ukurasa wa kwanza. Alipofika wa pili, mtu aliwasha mashine, na kwa dakika nzima wakaona midomo yake tu ikicheza.

"Zimeni hiyo!" Daavi Akpene alipiga kelele, halafu akamgeukia mzee. "Rudia ukurasa wa pili, Profesa. Na usiharakishe. Leo hatuna mnunuzi."

Profesa Amedzro akalowesha kidole, akarudisha karatasi nyuma, akaanza tena kwa sauti ya juu.